Mikono na Macho Vina Kazi, Masikio Je?

Haya, kuhusu vitabu, podikasti na kukaa pamoja, niliyazungumza Jumamosi iliyopita ukumbini hapa Moshi, mbele ya mafundi cherehani na watu wanaopenda kushona. Wengi hawakufika. Wengine walikuwa msibani Kibosho, wengine walibanwa na sare za kipaimara, na nawajua wawili waliosema wanaumwa huku cherehani zao zikisikika mtaa mzima. Kwa ajili yao nimeandika yote, ila picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha.

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, habari za mchana. Vijana mnaojifunza, mliokaa huko nyuma karibu na mlango ili mkichoka mtoke bila kuonekana, nawaona. Habari zenu.

Kabla sijaanza, naomba kila aliyewahi kumwambia mteja "njoo kesho" huku akijua kitambaa chenyewe hakijaguswa na mkasi, anyooshe mkono.

Asanteni. Nyinyi ambao hamkunyoosha, tutawaombea.

Nimekaa kwenye cherehani miaka 26. Nilianzia barazani, mbele ya duka la vitambaa hapa mjini, kwenye cherehani ya kukanyaga ambayo haikuwa yangu. Mwenye duka alinipa kivuli, mimi nikamletea wateja. Wengi wenu mlianza hivyohivyo. Sasa nimeitwa hapa nizungumzie vitabu, podikasti na shughuli za pamoja kwa watu wa sindano. Nilipoambiwa mada nilicheka. Nikasema, fundi na kitabu wapi na wapi? Fundi anasoma tepu. Fundi anausoma mwili wa mteja tangu anavuka barabara. Halafu nikaikumbuka kwaya, kicheko kikakatika.

Nisikilizeni habari ya kwaya.

Nilipewa kazi ya magauni 24. Kitenge kimoja, mshono mmoja, wanawake 24 wa kila umbo Mungu alilowahi kuumba. Nikapima, nikakata, nikashona, nikapeleka kwa wakati, jambo ambalo peke yake lilikuwa habari mtaani. Jumapili nikaenda ibadani nikakaa mbele kabisa niione kazi yangu. Kwaya ikasimama. Wimbo ukaanza vizuri. Ulipofika pale pa kuinua mikono, mikono 48 ikapanda juu, na magauni 24 nayo yakapanda juu. Yote. Magoti yakatoka nje. Mchungaji akaanza kuchunguza dari.

Wakayarudisha. Wakasema kwapa linabana. Haya, mafundi wenzangu, fundi akiambiwa kwapa linabana anafanya nini? Mnajibu pamoja kama darasa la kwanza: anachimba. Ndiyo. Anachukua mkasi, analichimba kwapa, analishusha. Nikachimba nusu inchi kila gauni. Jumapili ya pili, wimbo uleule, magoti yakapanda zaidi. Nikachimba tena. Jumapili ya tatu nilikaa nyuma karibu na mlango, kama nyinyi vijana.

Katika wiki hiyo hiyo nilikuwa soko la Memorial kutafuta mitumba ya kufumua, nichukue zipu na bitana. Kijana mmoja alikuwa ametandika turubai la vitabu vikuukuu. Kimoja kilikuwa cha kushona, cha Kiingereza, kimepoteza jalada na kurasa zote za mwanzo, kiasi kwamba hadi leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Elfu mbili. Nilikinunua kwa ajili ya mchoro mmoja tu: mwanamke amenyoosha mkono juu, na mshale umechorwa kutoka kwapani kwenda kiunoni.

Ule mchoro ulinikalisha chini. Unasema hivi. Kwapa la nguo likishushwa mbali na kwapa la mtu, mkono wa nguo unakuwa umefungwa ubavuni. Mtu akiinua mkono wake, mkono unavuta ubavu, ubavu unavuta kiuno, kiuno kinavuta pindo. Kwapa la nguo likikaa juu, karibu na kwapa lenyewe, mkono unainuka peke yake na gauni linabaki mahali pake. Kwa hiyo kila nilipochimba ili kumpa mama wa watu nafasi, ndivyo nilivyozidi kumfunga. Mnaona? Dawa niliyokuwa natoa ndiyo iliyokuwa ugonjwa.

Kikaongeza jambo la pili: kichwa cha mkono, yaani ile sehemu ya juu ya mkono wa nguo inayoungana na bega. Kichwa kirefu na chembamba kinakaa vizuri mtu akiwa amesimama kama askari. Kichwa kifupi na kipana kina mikunjo kidogo mkono ukiwa chini, lakini kinamruhusu mtu aimbe, abebe mtoto, ashike bomba la daladala. Wewe fundi unamshonea nani, askari wa gwaride au mama anayepanda daladala ya Himo?

Lakini kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nifanye nini na magauni 24 yaliyochimbwa mara mbili? Kitabu kilikuwa na jibu: kipande cha pembe nne, kinashonewa palepale kwapani, kinarudisha nafasi iliyopotea. Nikakiangalia kile kipande. Nikakiangalia tena. Nilikuwa nakijua! Kipo kwenye kanzu. Babu yangu mzaa mama alikuwa na kanzu ya zamani yenye kipande hicho chini ya kila mkono. Wazee wa pwani wanakiita kikwapa, na msicheke, ndilo jina lake. Kanzu ile ilifuliwa na kuanikwa mbele ya macho yangu utoto wangu wote.

Nikamwendea fundi aliyenifundisha kazi, mtu mzima sasa, macho yamechoka. Nikamweleza habari yote kwa furaha, kama mtoto aliyeokota hela. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hilo la kikwapa nalijua. Hukuniuliza."

Hukuniuliza!

Mafundi wenzangu, mimi sikuja hapa kuwasifia vitabu. Nimekuja kwa sababu ya neno hilo moja. Barazani tunakaa cherehani kwa cherehani, magoti yanagusana, tunaazimana mkasi, tunaazimana chaki, tunachangiana misiba, tunacheza kibati, yaani upatu, pamoja. Ujuzi je? Ukimwona jirani anakosea kola, unasema kimoyomoyo: akosee, mteja atakuja kwangu. Mimi nimesema hivyo. Nimesema mara nyingi. Nani hajasema?

Kitabu hakina wivu, hapo ndipo kinapomzidi fundi. Kinakwambia chote, hata kama cherehani yako iko mlango wa pili.

Na nisisemee vitabu vya mbali tu. Mama zangu mliosoma Sayansi Kimu shuleni, najua kuna mtu humu ana daftari lake sandukuni, na ndani amebandika vipande vya kitambaa: hiki mshono wa bandi, hiki mshono wa shulu, hili tundu la kifungo, hiki kiraka cha mraba kilichopindwa pande zote nne. Daftari hilo ni kitabu. Mlete. Vijana wa siku hizi wanapiga ovaloki kila kitu, hata kinachoshonwa kwa mkono, kwa sababu hawajawahi kuiona shulu iliyonyooka.

Vitabu vya ushonaji kwa Kiswahili ni vichache, tusidanganyane. Kwa hiyo tutavuka mpaka. Yupo Mwingereza, Winifred Aldrich, ambaye miaka ya 1970 alitoa kitabu cha kukata patani, yaani vile vipande vya karatasi tunavyovifuata kukata kitambaa, kiitwacho Metric Pattern Cutting, na kimekuwa kikichapwa upya tangu wakati huo. Ukikipata, kuna jambo litakalokushtua: vipimo vyake ni vya sentimita. Sasa chukueni tepu zenu. Haya, zitoeni, najua ziko shingoni. Geuzeni upande wa pili. Sentimita zipo hapo miaka yote, na mimi miaka 20 ya mwanzo sikuwahi kuugeuza ule upande. Inchi 1 ni sentimita 2.54. Kiuno cha inchi 30 ni sentimita 76.2. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo. Vitabu vingi vya Marekani ni vya inchi, hivyo hata usipotaka kugeuza tepu hutakosa cha kusoma.

Ila tahadhari. Jedwali la saizi lililomo kwenye vitabu hivyo lilipatikana kwa kupima miili mingine. Halijawahi kumwona mama wa Marangu. Ukilifuata kama Amri Kumi utatengeneza sketi inayoenea kiunoni na kukataa kupita kwenye nyonga, na mteja ataondoka akiamini yeye ndiye mwenye kasoro. Chukua njia ya kitabu, namba zitoe kwenye tepu yako.

Mnataka kujua patani ya karatasi ilianzaje kuuzwa? Alikuwepo fundi wa nguo huko Massachusetts, Marekani, anaitwa Ebenezer Butterick. Fundi kama mimi na wewe. Zamani hizo patani zilikuwepo, lakini za saizi moja. Mwenye mwili wa peke yake alijitegemea. Mwaka 1863 yeye akaanza kuuza patani zilizokatwa kwa saizi mbalimbali, zikasafiri kwa posta hadi kwa wanawake wasiowahi kumwona. Wazia wenzake walivyomsema. Huyu anauza siri! Huyu anampa mteja mkasi! Basi njaa ilimuua? Jina lake bado linaandikwa kwenye bahasha za patani hadi leo.

Maktaba ya Mkoa mnaijua iko wapi. Wangapi mmeingia tangu mmalize shule? Nendeni mkaulize vitabu vya kushona. Wakisema hawana, waambieni mnavitaka, na mrudi mwezi ujao mkaulize tena. Mangi dukani kwake haagizi sukari ambayo hakuna anayeiulizia.

Halafu kuna kitabu mnachokiandika wenyewe. Ndiyo, nyinyi. Daftari la vipimo. Kila fundi hapa analo: jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu, kiasi alichotanguliza, kiasi anachodaiwa, na hilo la mwisho tunaliandika kwa kalamu nyekundu. Mimi tangu ile kwaya nimeongeza mstari mmoja chini ya kila mteja: nguo ilikosea wapi. "Bega la kulia liko chini kuliko la kushoto." "Anasimama akiinama mbele, nyuma iongezwe." "Kitenge hiki kilichuja." Mstari mmoja tu. Nina madaftari manane sasa. Binti wa dada yangu anayejifunza kwangu anayasoma jioni kama hadithi, na kusema kweli yanachekesha.

Tuje kwenye masikio.

Fundi anakaa saa mbili asubuhi, anainuka saa kumi na mbili jioni. Saa kumi hizo. Mikono ina kazi, macho yana kazi, mguu una kazi. Masikio yanafanya nini? Yanasikiliza kondakta anaita Majengo, Pasua, Soweto. Yanasikiliza umbea wa nani kaonekana na nani Double Road. Saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki! Mtu angesomea udaktari.

Mtasema, si tunaangalia video kwenye simu? Video ni nzuri, nami nimejifunza mengi humo, ila video inataka macho, na macho yangu yako kwenye sindano. Niliwahi kujaribu vyote viwili. Kidole hiki hapa, mnakiona? Sindano iliingia kwenye ukucha ikatokea upande wa pili, na yule wa kwenye video akaendelea kuongea tu.

Podikasti ni kipindi cha redio ambacho unakishika wewe. Unakipakua, unakisikiliza ukitaka, unakisimamisha mteja akija. Neno lenyewe bado changa, liliandikwa kwenye gazeti moja la Uingereza mwaka 2004. Vya kushona vipo. Kuna wanawake wawili wa Canada walioanza mwaka 2017 kipindi wanachokiita Love to Sew. Wanazungumza kama marafiki wawili walioketi na kazi zao mapajani. Kuna mfumaji, Jo Andrews, mwenye Haptic & Hue, yeye anasimulia historia za nguo na vitambaa na watu waliovitengeneza. Vyote ni vya Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kununulia kitambaa. Kwa hiyo nyumbani kwangu tunafanya hivi: binti wa dada anavaa kisikilizio sikio moja, anashona pindo, na kila baada ya muda anasema, "Mama mkubwa, wanasema hivi." Tunabishana, kisha anaendelea. Anajifunza kushona, anajifunza na Kiingereza, na mimi napata mkalimani wa bure. Bando tunapakulia usiku likiwa rahisi.

Siku moja akaniambia, "Mama mkubwa, wanasema wafue kitambaa kabla ya kukata. Kwa nini sisi hatufui?" Nikamjibu haraka: kwa sababu mteja anaitaka kesho. Akanyamaza. Mimi nikakosa raha. Tukakata kipande cha pamba cha inchi 10 kwa 10, tukakifua kwa maji ya moto, tukakianika, tukakipiga pasi, tukapima. Urefu ukawa inchi 9 na nusu. Nusu inchi kwenye 10 mnaiona ndogo? Gauni la urefu wa inchi 50 linapoteza inchi 2 na nusu. Ndiyo lile gauni ambalo mteja anasema, "Fundi, umenipunja kitambaa," nawe unaapa kwa jina la mama yako, na wote wawili mnasema kweli.

Si kila kitambaa, na si kila mteja atasubiri. Lakini kipande cha inchi 10 kinakaukia juani asubuhi moja. Na ukikata usisikilize kitu chochote, zima hata redio. Podikasti ni ya mishono iliyonyooka, mapindo, vifungo na kufumua. Hasa kufumua. Kufumua bila hadithi ni adhabu.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya fundi Mfaransa, Barthélemy Thimonnier. Mwaka 1830 alipewa hati ya uvumbuzi wa cherehani yake. Akafungua karakana Paris, cherehani zipatazo 80, zikashona sare za jeshi. Mwaka uliofuata mafundi wa mjini wakamvamia wakazivunja. Waliona mashine hizo zitawanyima ugali. Thimonnier akafa maskini mwaka 1857.

Mimi wale mafundi siwatukani. Ningekuwepo, pengine ningebeba nyundo. Lakini walichokizuia ni nini? Mwaka 1846 Elias Howe kapata hati yake Marekani. Mwaka 1851 Isaac Singer kapata yake. Leo ukiingia nyumba yoyote ya kule juu mlimani, Machame, Old Moshi, Rombo, utamkuta bibi na cherehani nyeusi iliyofunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Hatuvunji cherehani sisi. Sisi tunafumba midomo, na fundi anazikwa na kikwapa chake.

Kwa hiyo tumeanza podikasti ya kimaskini, na wengi wenu mmo humo. Kwenye kundi letu la WhatsApp, kila Jumapili usiku, fundi mmoja anarekodi sauti ya dakika tano juu ya jambo moja analolijua. Kutia zipu ya kujificha. Kulinganisha maua ya kitenge kwenye mshono wa mgongo. Kukata kanga bila jina kuangukia makalioni, maana tumemwona dada wa watu akitembea na nasaha ya wazazi mahali pasipostahili. Masharti ni mawili: usitume picha ya ua la waridi yenye maneno ya asubuhi njema, na usiseme "hilo ni siri ya kazi". Mzee mmoja wa suti, ambaye simtaji lakini amekaa safu ya tatu na ameanza kujificha, alichukua wiki nne kukubali. Dakika zake tano juu ya kola ya koti zikawa 22. Hakuna aliyelalamika.

Sasa kukaa pamoja.

Nianze na kosa langu. Kuna watu humu hawashoni kwa pesa. Ni walimu, wauguzi, wahasibu, mama mmoja ni wakili; wanashona jioni kwa raha zao. Sisi wa barazani tulikuwa tunawadharau. Tulikuwa tunawaita wachezaji. Muuguzi mmoja aliponiomba aje na cherehani yake ndogo ya umeme akae nasi Jumamosi, nilikubali ili nimcheke. Akashona blauzi moja siku nzima. Siku nzima! Mimi ningeshona tano. Kila mshono alioumaliza aliinuka akaupiga pasi kabla ya kuuvusha na mwingine. Bega, pasi. Ubavu, pasi. Mkono, pasi. Nikamwambia, dada, umeme ni hela. Jioni akaivaa. Mafundi wenzangu, ile blauzi ilikaa kama imemwagwa. Zangu tano zilikuwa zimetundikwa pale pembeni, na pasi zangu nilipiga mwishoni kama tunavyopiga wote, kwenye mikunjo ambayo tayari imeshakuwa migumu.

Yeye hana haraka. Anafumua mara tatu kwa kitu ambacho mimi ningekiacha nikasema mteja hataona. Sisi tuna kasi, wao wana subira, na Jumamosi zile ndipo tulipoanza kuazimana. Siku hizi napiga pasi kwenye mabega na kola. Kila mshono siwezi, watoto wanasoma.

Wanawake kukaa pamoja na vipande vya nguo si jambo dogo. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973 kule Chile, watu walikamatwa na wengi hawakuonekana tena. Mama zao, wake zao na dada zao wakakutana kwenye majengo ya kanisa wakashona picha kwa vipande vya nguo kuukuu, wakati mwingine nguo za waliopotea wenyewe. Wakashona nyumba zao, milima yao, mistari ya watu wanaosubiri mlangoni kuulizia ndugu. Kuandika wasingeweza, kusema wasingeweza. Kushona nani angewashtukia? Picha hizo zilitoka nje ya nchi na watu wakajua. Zinaitwa arpillera, na neno hilo kwa Kihispania ni kitambaa cha gunia, kwa sababu walizishonea juu ya magunia.

Magunia! Mjini petu hapa, kahawa imekuwa ikipita kwenye magunia tangu enzi za babu zetu na ushirika wao wa KNCU wa mwaka 1933. Na chini ya kila cherehani ya Moshi kuna mfuko wa vipande vya vitenge ambavyo jioni tunawashia moto. Sisemi tushone misiba. Nasema kuna bibi kule juu anakumbuka siku ya mnada wa kahawa, anakumbuka maji ya mfereji yalivyogawiwa, anakumbuka harusi yake ilivyokuwa, na hakuna aliyeyaandika. Mpeni gunia na mfuko wa vipande, mkae naye.

La pili ni jepesi. Amsterdam, mwaka 2009, mwanamke anaitwa Martine Postma alianzisha siku ya watu kuleta vilivyoharibika wakatengenezewa na wanaojua, bure, huku wanakunywa chai. Jambo hilo limesambaa nchi nyingi. Sisi tumelifanya mara mbili, Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Mzazi analeta sare ya mwaka jana, tunashusha pindo, tunahamisha vifungo, tunatia kiraka ndani ya goti la suruali. Niliogopa tutajinyima wateja. Waliokuja wengi ni watu ambao wasingeshona sare mpya hata kwa dawa. Na watoto walikaa wakatazama. Mvulana wa darasa la tano alijifunza kushona kifungo, akashona vifungo vya ukoo mzima.

Kuhusu taulo za kike za kufua, wale wanaotaka kuzishona kwa ajili ya shule, waonane na mama mwenye kilemba cha bluu baada ya hapa. Mnakumbuka kodi ya VAT iliondolewa kwenye taulo za dukani mwaka 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa. Flaneli na sindano hazisubiri bajeti. Ana patani, ana vipimo, na atawaonyesha jinsi ya kupanga tabaka ili zikauke upesi juani.

Nimeambiwa muda umeisha. Meza ile pale ukutani ina vitabu 11 na madaftari yangu mawili. Kile kisicho na jalada kipo, msikivunje mgongo, kimezeeka. Anayeazima aandike jina na namba ya simu, na arudishe. Ukisema "njoo kesho" tutakufuata nyumbani.

Ila kabla hatujafunga. Kwenye ile kwaya alikuwepo mama mmoja wa sauti ya kwanza. Leo amekuja, na amevaa lile gauni, lenye vikwapa. Mama, samahani, naomba usimame. Njooni hapa mbele watu wawaone, wewe na gauni lako. Sasa inua mikono, kama siku ile. Juu. Juu zaidi, kama wimbo unavyotaka.

Mmeona pindo? Limetulia.

Ngoja, mama, usishushe. Mkono wa kushoto unavuta kidogo hapo nyuma. Eh, nimeuona, na mzee wa suti ameuona, naona anatikisa kichwa. Njoo nao Jumatatu.